Bakteria wa ngozi katika majibu ya damu ya mtoto: je, ni uchafu wetu?

Mama wa Wawili:
Habari zenu wanajukwaa. Mwanangu wa miaka 4 alishikwa na homa kali, na hospitalini wakamtoa damu ya kuotesha (huwekwa kwenye chupa kuona kama kuna bakteria watakaoota) kutoka mikono yote miwili. Baada ya siku mbili, chupa moja iliota bakteria aitwaye Staphylococcus epidermidis. Daktari alinieleza kwamba huyo ni bakteria wa kawaida wa ngozi aliyeingia kwenye chupa wakati wa kutoa damu, hivyo hakuandika dawa, na homa ikaisha yenyewe. Namshukuru Mungu kwamba mtoto amepona, lakini maneno hayo yameniumiza, kwa sababu namwogesha asubuhi na jioni, tena kwa dodoki. Inakuwaje ngozi safi iwe na bakteria? Na nikianza kutumia sabuni ya dawa, wataisha?

Fundi Maabara:
Pole na hongera kwa kumuuguza, dada yangu. Tafadhali ondoa kabisa wazo la uchafu. Hakuna binadamu mwenye afya ambaye ngozi yake haina bakteria, na huyo aliyeandikwa kwenye karatasi yako yuko juu yangu mimi ninayeandika na juu ya kila atakayesoma hapa. Hawakai juu juu tu. Wengine wamo ndani ya vinyweleo na kwenye vijia vya tezi za mafuta, mahali ambapo maji, sabuni na hata spiriti havifiki vizuri. Ndiyo maana tunasugua ngozi kwa spiriti na kuiacha ikauke kabla ya kuchoma sindano, na bado mara chache bakteria mmoja mmoja huponyoka na kuingia katika chupa. Daktari wako aliamua vyema: bakteria huyo anapoota katika chupa moja huku damu ya mkono wa pili ikiwa safi, na mtoto anaendelea kupata nafuu, kwa kawaida ametoka kwenye ngozi, hakuwa ndani ya damu.

Kila sehemu ya mwili ina wakazi wake. Usoni na mgongoni, penye mafuta mengi, hutawala Cutibacterium acnes, ambaye wengi humjua kwa chunusi tu, ingawa kwa kuvunjavunja mafuta hayo hutoa asidi zinazosaidia ngozi kubaki na uchachu usiopendwa na vijidudu vingi vya maradhi. Kwapani na katikati ya vidole vya miguu, penye unyevu, wamejaa Corynebacterium na jamaa za Staphylococcus. Jasho la kwapa linapotoka halina harufu ya maana. Harufu huja baada ya bakteria hao kulichakata. Nikuambie na jambo moja ambalo huenda likakufariji: bakteria wa kwanza kabisa wa ngozi ya mwanao, kwa sehemu kubwa, aliwapata kwako siku ya kuzaliwa.

Muuguzi wa Wodi:
Naunga mkono, ila naomba wasomaji wasichukulie kwamba bakteria huyu hupuuzwa siku zote. Kwa mtoto njiti, kwa mgonjwa mwenye katheta (mrija) kwenye mshipa mkubwa wa damu, au kwa aliyewekewa valvu bandia ya moyo, Staphylococcus epidermidis hujishikiza kwenye plastiki au chuma na kujijengea utando ambao dawa huupenya kwa shida. Kwa wagonjwa hao, majibu kama yako yangetufanya tutoe damu upya na kuchunguza kwa makini. Bakteria ni yuleyule. Kinachobadilika ni mahali alipofika.

Mzee wa Sabuni:
Kuhusu sabuni ya dawa, mwanangu, usijiingize gharama. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizuia triklosani, kiambato cha kuua bakteria, na viambato vingine 18 katika sabuni za kunawia za matumizi ya nyumbani, kwa kuwa watengenezaji hawakuweza kuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Unaponawa mikono baada ya kutoka chooni au kabla ya kula, lengo ni kuondoa vijidudu wageni waliodandia, na hao sabuni ya mche inawatosha.

Mama wa Wawili:
Asanteni sana, mmenitua mzigo. Na dodoki je, niendelee nalo?

Fundi Maabara:
Kwa mtoto, kitambaa laini au mkono wako unatosha, dada. Dodoki gumu huacha michubuko midogo, na hapo ndipo Staphylococcus aureus, ambaye takriban watu 3 kati ya 10 wanaishi naye puani bila kuugua, hupata njia ya kuingia na kuleta jipu.