Huyu mama wa pale soko la samaki Feri kanifuta uso kwa mate mbele ya watu!

Wakuu, hapa naandika mikono inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Mtwara nzima inamjua, hata pweza wakisikia sauti yake wanarudi baharini wenyewe. Nimeinama nachagua tasi, kaja, kanikodolea, kalamba kidole gumba, kanifuta shavuni. MATE! Eti, "Mwanangu, una masizi."

Nikamwambia kwa adabu, mama, haya ni madoa, yalinitoka nikiwa na mimba. Kalamba kidole TENA, kasugua TENA. Halafu akapaza sauti: "Sema kweli, mkorogo umekuunguza!"

Mie? Mkorogo wa zebaki uliopigwa marufuku? Daktari wa ngozi alishanieleza: homoni za mimba ndizo zilianzisha, jua linakoleza. Nipake mafuta ya kukinga jua, SPF 30 kwenda juu, nirudie kila saa mbili nikiwa nje, nivae na kofia pana. Yanafifia kwa miezi, si kwa siku. Na akanikataza kabisa kusugua. Sasa mtu ananisugua sokoni. Kwa mate!

Mwana_Mikindani: Pole. Ila tasi ulinunua au hukununua?

BintiLindi: Shoga, wewe una bahati, yako ya mimba. Mie nabangua korosho, mafuta ya ganda yamenibabua vidole, vidonda vimepona vimeacha weusi kama lami. Tajiri glovu hatoi, anasema jipake majivu. Nani kanifungulia uzi?

BabaWawili: Mke wangu shingo iliingia weusi, tukaisugua na dodoki wiki mbili tukidhani uchafu. Kwenda kupima, sukari iko juu. Msichukulie poa.

Mleta uzi: Baba, pole kwa shemeji. Lakini jamani, KALAMBA KIDOLE. Mara mbili!

Mwana_Mikindani: Angekuwa katafuna tambuu ungetoka mwekundu.

Mkulima_Newala: BintiLindi unalilia glovu? Sisi salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, imefika maua yameshaliwa na ukungu wa ubwiriunga. Mwaka huu tunabangua majani.

BintiLindi: Bora nyie imefika.

Mleta uzi: Mate yake yalinukia dagaa!

Mkulima_Newala: Kwani huko kwenu hamkupata hata mfuko mmoja?