Darubini kubwa Samburu: twaihitaji au la?

Mzalendo wa Tudor: Kuna wazo la kujenga darubini kwenye milima mikavu ya Samburu. Naunga mkono. Tuko ikweta, twaona nyota za kaskazini na za kusini. Chile wamefika mbali: Cerro Paranal, jangwa la Atacama, mita 2,635, wana darubini nne, kioo cha kila moja mita 8.2. Mwasemaje?

Shangazi Kisauni: Tuleteeni maji kwanza. Bomba limekauka siku ya nne, nanunua ya mkokoteni mtungi kwa mtungi. Na sisi wa Pwani darubini ya nini? Mwezi twauona kwa macho.

Abu Salim: Shangazi, kwa heshima, hilo la mwezi limepitwa. Babu alikuwa akipanda sakafuni, juu ya paa la nyumba, Kibokoni, magharibi ikiingia anatazama upande wa Changamwe. Leo upande huo ni taa za bandari tupu. Hilali nyembamba ataiona nani?

Mwana Mvita: Yaani sasa waingiza darubini kwenye mwandamo wa Ramadhani? Tumeamrishwa tufunge kwa kuuona!

Abu Salim: Babu alivaa miwani na ushahidi wake ulikubaliwa.

Mwana Mvita: Miwani humrudishia mtu macho yake. Darubini humpa macho ambayo hakuumbwa nayo. Usinifanye mtoto.

Wa Kaskazini, Mikindani: Mwezi, mwezi, na wenyeji hakuna aliyewataja! Huo mlima mnaouita mkavu ndiko ng'ombe wetu hukimbilia kiangazi. Mwaka 2019 wenyeji wa Hawaii walifunga njia ya mlima Mauna Kea, ujenzi wa darubini ya kioo cha mita 30 ukakwama. Sisi tumeulizwa?

Mzalendo wa Tudor: Ndugu yangu, Paranal hakuoti hata jani, ndiyo maana sikufikiria malisho. Ni haki muulizwe. Nami nina uchungu wangu: setilaiti Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, 12 Desemba 1970. Jina letu, siku yetu ya uhuru, elimu ikaenda kwao. Hii iwe yetu.

Mwana Mvita: Abu Salim hajanijibu.

Shangazi Kisauni: Mwanangu, niache nikujibu mimi. Marehemu baba alikuwa nahodha, akienda Lamu usiku kwa nyota. Alitufundisha nyota za kilimia: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Jana nimetoka uani na wajukuu niwaonyeshe hicho kilimia. Taa ya barabarani imetumulika usoni, juu weupe mtupu. Nimewarudisha ndani.

Abu Salim: Shangazi, uani kwenu taa hiyo iliwekwa lini?