Tunatumiaje pamoja dumu la taka na kabati la kuvuta mvuke bila kuhatarishana?

Swali: mwanafunzi wa umahiri, kemia ya mimea ya dawa

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninafanya utafiti katika maabara ya chuo inayotumiwa na makundi matatu: sisi tunaotoa viambata kwenye mimea ya dawa kwa methanoli na klorofomu, wenzetu wanaopima metali nzito kwenye udongo na maji kwa kuchemsha sampuli ndani ya asidi ya nitriki, na wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaokuja kwa mazoezi nyakati za mchana. Makabati ya kuvuta mvuke ni mawili, lakini linalofanya kazi ni moja. Madumu ya taka huwekwa chini ya sinki, na lebo zake zimeandikwa "taka" na si zaidi ya hapo.

Hivi karibuni tulifika asubuhi tukakuta dumu moja la lita 5 limetuna ubavuni, kifuniko kimekazwa sana, na moshi mwembamba wa rangi ya kahawia unapenya kwenye nyuzi za kifuniko. Fundisanifu wetu alitutoa wote nje na kufunga mlango hadi dumu lilipotulia. Baadaye alipouliza nani alimimina nini, hakuna aliyejibu. Sitafuti wa kulaumiwa. Ninachotaka kujua ni utaratibu gani unaofaa mahali ambapo vifaa ni vichache na watumiaji ni wengi, na tufanye nini ili siku nyingine mtu asiogope kusema alichomimina.

Jibu la kwanza: fundisanifu wa maabara

Ndugu, pole sana, na mpongezeni fundisanifu wenu, kwa sababu jambo baya kuliko yote lingekuwa kulibeba dumu lile au kujaribu kulegeza kifuniko likiwa limeelekea usoni mwa mtu.

Kwa maelezo yako, karibu nina hakika kwamba asidi ya nitriki ilikutana na kiyeyushi cha kikaboni, iwe methanoli, ethanoli au asetoni. Asidi hiyo ni kioksidishaji kikali. Ikikutana na alkoholi hutoa joto na gesi, zikiwemo oksidi za nitrojeni ambazo ndizo mliziona kwa rangi ya kahawia. Hatari yake kubwa ni kwamba mara nyingi mmenyuko huanza polepole. Mtu humimina jioni, haoni chochote, hukaza kifuniko na kwenda zake, kisha usiku shinikizo hupanda hadi chombo kupasuka. Ajali za namna hii zimetokea katika vyuo vingi duniani, na mara nyingi chanzo si uzembe mkubwa bali ni mazoea madogo: mtu anasuuza bika kwa asetoni ili likauke upesi, halafu masuuzo yanaingia kwenye dumu lililo karibu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuyatenganisha madumu hayo kwa mahali, si kwa lebo peke yake. Dumu la asidi ya nitriki likae upande wa kundi la metali, ndani ya beseni lake la plastiki, na la viyeyushi likae upande wenu, mbali na hapo. Viyeyushi navyo mvigawe: vyenye klorini, kama klorofomu na diklorometheni, viwe na dumu lao, na asetoni isiingie humo, kwa sababu klorofomu na asetoni zikikutana mbele ya alkali kali, mfano haidroksidi ya sodiamu au ya potasiamu, humenyuka kwa nguvu na joto kubwa. Dumu lisijazwe zaidi ya robo tatu. Lile la asidi ya nitriki liwe na kifuniko chenye tundu la kupumulia, na lisikazwe usiku kucha.

Kuhusu lebo, neno "taka" halimsaidii mtu yeyote. Funga karatasi kwenye mpini wa dumu kwa uzi, na kila anayemimina aandike tarehe, jina la kemikali kwa ukamilifu, kiasi kwa makisio na herufi za jina lake. Kalamu ifungwe hapohapo, kwa maana kalamu ikikosekana karatasi itabaki tupu. Katika maabara ninayoitunza, karatasi hiyo huondoka pamoja na dumu linapokabidhiwa kwa wanaoteketeza taka, nao hukataa kulipokea dumu lisilo na karatasi.

Jibu la pili: mtafiti wa uzamivu

Naunga mkono hayo yote, nami niongeze kuhusu kabati. Likiwa moja tu, watu huligeuza kuwa stoo: chupa hupangwa nyuma, zikaziba nafasi za chini zinazovuta hewa, na kabati lenye chupa ishirini ndani halivuti kama inavyotakiwa hata kama feni inanguruma. Ondoeni kila kisichotumika siku hiyo, kazi ifanyike angalau sentimita 15 ndani ya ukingo wa mbele, na kioo kishushwe hadi usawa ambao mikono inaweza kufanya kazi. Bandikeni ukanda wa karatasi laini chini ya kioo. Ukiacha kuvutwa kuelekea ndani, kazi isimame.

Umeme ukikatika, msisubiri jenereta huku chupa ziko wazi. Zima chanzo cha joto, funika vyombo, shusha kioo hadi chini, toka nje. Jenereta ikiwaka, mpe feni muda wa kusafisha hewa kabla ya kurudi.

Halafu glavu. Glavu nyembamba za nitrili hupitisha asetoni na klorofomu ndani ya dakika chache, kwa hiyo zikilowa zivuliwe papo hapo. Mnajua habari za Karen Wetterhahn, profesa wa Dartmouth nchini Marekani: mwaka 1996 matone machache ya dimethili zebaki, kiowevu chenye sumu kali ya zebaki, yalidondokea glavu yake ya mpira, yakapenya hadi kwenye ngozi, naye akafariki mwaka 1997. Alikuwa mtaalamu, na alifuata kanuni zilizokuwepo wakati ule. Na tafadhali, mtu asishike kitasa cha mlango wala mlango wa friji akiwa amevaa glavu, maana anayefuata atakishika kwa mkono mtupu.

Jibu la tatu: mhadhiri

Mwanangu, swali lako la mwisho ndilo lililonigusa. Watu hunyamaza kwa sababu wameona aliyesema ukweli akiaibishwa mbele ya wenzake. Mwombe msimamizi wako na wasimamizi wa makundi mengine wakae pamoja na watamke, kwa maandishi yatakayobandikwa mlangoni, kwamba anayetoa taarifa ya kumwaga, kuchanganya au kuvunja hatachukuliwa hatua kwa kutoa taarifa, na kwamba kuficha ndilo kosa. Wao ndio wenye wajibu huo. Baada ya Sheri Sangji, msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23, kuungua katika maabara ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), nchini Marekani, mwezi Desemba 2008 na kufariki Januari 2009, mashtaka ya jinai yalifunguliwa mwaka 2011 dhidi ya chuo na profesa aliyesimamia maabara. Hakuwa amevaa koti la maabara, lakini waendesha mashtaka hawakuishia kumuuliza marehemu kwa nini hakulivaa.

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na masuala ya kemikali yako chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Msimamizi akisema hana fedha za kutengeneza kabati la pili, barua ya maandishi kwa mkuu wa idara, yenye maelezo ya dumu lile, ina uzito kuliko malalamiko ya mdomo.

Mwuliza swali

Asanteni sana, mwalimu na ndugu zangu. Karatasi tumeshaifunga, na dumu la nitriki limehamishwa. Katika kusafisha kabati tumekuta nyuma kabisa chupa ya daiethili etha iliyowahi kufunguliwa, haina tarehe. Je, tuimimine kwenye dumu la viyeyushi?

Fundisanifu wa maabara

Hapana. Msiifungue, msiitikise. Etha ikikaa na hewa hutengeneza peroksidi, na peroksidi zikikauka kwenye kifuniko zinaweza kulipuka kwa msuguano wa kukizungusha tu. Chupa iliyofunguliwa bila tarehe ihesabiwe kuwa imepitwa na muda. Iacheni ilipo, wekeni tangazo, zuieni watu wasilitumie kabati hilo, na fundisanifu wenu awasiliane leo na wenye ujuzi wa kuiondoa. Mkiona fuwele shingoni mwa chupa, ondokeni chumbani na mfunge mlango kabla ya kupiga simu.