Msaada wakuu: New York hadi Nairobi ni masaa mangapi hasa?

Mchaga_Ughaibuni: Wakuu, habari za muda huu. Desemba nakuja nyumbani. Ndege ya moja kwa moja mpaka Nairobi inaondoka Ijumaa saa 6 mchana, masaa 14. Kwa hesabu yangu natua saa 8 usiku, najilaza uwanjani, alfajiri nashika njia ya Namanga. Jumamosi saa 8 mchana kuna harusi Moshi. Nitawahi?

Kokotoo: Hiyo saa 8 usiku ni ya New York mkuu. Desemba Nairobi iko mbele kwa masaa 8, kwa hiyo unatua saa 4 asubuhi Jumamosi. Ni kama km 11,800 hizo, si Kibaha.

Mama Tabu: Mimi kwenda nilikaa masaa 15, upepo unaipiga ndege usoni. Miguu ilivimba, viatu vikagoma, uhamiaji nilipita na soksi. Vaa kandambili mwanangu.

Dereva wa Usiku: Ukitoka uwanjani saa 5, mpaka Moshi ni km 350 hivi, na mpaka wa kugonga pasi upo katikati. Saa 12 jioni hiyo. Si uende ukumbini moja kwa moja?

Mchaga_Ughaibuni: Kanisani lazima niwepo.

Dereva wa Usiku: Lazima kwani wewe ni nani?

Mchaga_Ughaibuni: Bwana harusi.

Kokotoo: 😂😂😂 Nimemwaga uji.

Mzee Kihamba: Sisi tulipeleka mbege kwa wakwe mara tatu kabla ya kuonyeshwa binti. Nyie mnaoa kwa video.

Mama Tabu: Badilisha tiketi uje Jumatano.

Mchaga_Ughaibuni: Tiketi hairudishiwi hela, kuibadilisha dola 400. Bosi naye ruhusa inaanza Ijumaa. Na padri anaweza kusubiri kidogo, mbona wengine wanasubiriwa?

Dereva wa Usiku: Basi panda ndege nyingine Nairobi–KIA, angani haifiki hata saa moja. Ila begi likibaki nyuma, unaoa na hiyo jinzi. Barabarani kuna pia Emali–Loitokitok–Tarakea, unatokea Himo.

Chai Rangi: Hii chai, tena haina tangawizi. Septemba mleta mada alikuwa Tunduma anatafuta fuso la kubeba mpunga. Leo Marekani?

Mchaga_Ughaibuni: Ile alipost mdogo wangu, akaunti tunatumia wote.

Chai Rangi: Weka picha ya tiketi, ficha jina.

Mchaga_Ughaibuni: Nipo kazini, jioni nitaweka.

Mzee Kihamba: Kazini na saa hizi kule ni saa 9 usiku?

Mchaga_Ughaibuni: Nalinda ghala, mzee.

Shangazi wa Kamati: Samahani. Harusi ya Desemba, Moshi, kanisani saa 8 mchana, bwana harusi anatoka Marekani. Bibi harusi ni mwalimu? Nijibu inbox haraka, mimi ndiye niliyelipia ukumbi.