Corolla ya 1998 inakula oili: niendelee na 20W-50 au nibadilishe?

Mwalimu_Kasarani ameandika:

Hamjambo wenzangu. Nina Toyota Corolla AE110 ya mwaka wa 1998, yenye injini ya petroli ya 5A-FE, ambayo marehemu baba aliitumia kwa miaka mingi kabla haijafika mikononi mwangu. Mita inasoma kilomita 286,000, ingawa siiamini sana kwa kuwa gari liliingia nchini likiwa limeshatumika. Mwezi uliopita nimeongeza oili mara mbili, nusu lita kila mara, na kwa hesabu yangu nilikuwa nimetembea takriban kilomita 1,300, zikiwemo safari mbili za Nyeri. Asubuhi nikiwasha gari hutoka moshi wa kibuluu, mwingi kiasi cha bawabu kuuona, kisha moshi huo hukatika kabla sijalivuka lango.

Fundi aliyelifanyia sevisi mara ya mwisho alitia 20W-50, akanieleza kwamba injini kuukuu hutaka oili nzito. Tangu siku hiyo, kukiwa na baridi, taa nyekundu ya oili hukawia kuzimika, na juu ya injini husikika mgongano mwepesi kama wa kijiko kinachogonga kikombe, kwa muda wa sekunde tatu au nne. Jirani yangu ananishauri nitie 5W-30 ya sintetiki, lakini muuza vipuri mmoja wa Barabara ya Kirinyaga aliniapia kwamba sintetiki itaivujisha injini kila upande. Kitabu cha gari nilichokikuta kwenye dashibodi kimeandikwa Kijapani kitupu. Naomba ushauri wa mtu anayejua sababu, si jina la oili tu.

Dereva_Mstaafu amejibu:

Pole kwa kufiwa na mzazi, mwanangu. Mimi nimeendesha magari tangu siku za Datsun 1200 na Peugeot 504, na wakati huo tulitia SAE 40 moja kwa moja, mvua au jua, na injini zilizeeka nasi. Oili nzito hujaza nafasi zilizolika. Usisumbuke, baki na hiyo 20W-50, uongeze inapopungua.

Fundi_Kariobangi amejibu:

Kwa heshima zako, mzee, nusu ya usemi wako naikubali. Vitabu vingi vya magari ya miaka ya tisini vina jedwali la joto la nje, na katika jedwali hilo 20W-50 imeruhusiwa kwa nchi za joto, kwa hiyo dada asidhani kwamba fundi wake amemuulia injini. Ninachokipinga ni kuigeuza oili nzito kuwa dawa ya ugonjwa ambao haujapimwa.

Dada, tuanze na hizo namba, kwa sababu wengi huzitamka bila kujua zinapima nini. Namba iliyotangulia herufi W huonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na namba ya mwisho huonyesha uzito wake injini ikishapata moto, yaani kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Katika joto hilo, oili ya 30 huwa kati ya sentistoki (kipimo cha unene wa oili) 9.3 na 12.5, ya 40 hufika hadi 16.3, na ya 50 hufika hadi 21.9. Nairobi hatuna theluji, na kipimo cha 20W chenyewe hufanywa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna oili itakayoganda Kasarani. Hata hivyo, alfajiri za Julai hapa huteremka hadi nyuzi 11 au 12, na kwenye baridi hiyo 20W-50 ni nzito kuliko 10W-40 kwa kiasi kinachoonekana kwa macho ukiimimina. Pampu huivuta polepole, presha huchelewa kupanda, na kava ya tapeti, yaani mfuniko wa juu ya injini, iko mbali na sampu, bakuli la oili lililo chini. Hicho kijiko na kikombe unachokisikia, na hiyo taa inayokawia, ni jambo moja: sehemu za juu zinazunguka kabla oili haijazifikia. Kila asubuhi hulika kidogo, na gari la mjini linalowashwa mara nne kwa siku huzidi kuumia.

Sasa tuje kwenye suala lenyewe, yaani oili inakwenda wapi. Moshi unaotoka wakati wa kuwasha tu, kisha ukakatika, mara nyingi hutokana na sili za vali. Mpira wa sili ukikauka, oili hudondoka usiku kucha kupitia kwenye shina la vali na kuungua unapowasha. Ringi za pistoni zikiwa zimechoka, moshi huwa mwingi unapokanyaga mafuta kupanda mlima, na haukatiki. Kuna njia nyepesi ya kuhakikisha: siku ukishuka Mai Mahiu, ondoa mguu kwenye mafuta na uiache injini ilizuie gari huku gia ikiwa imeingia, kisha ukifika penye tambarare ukanyage na utazame kioo cha nyuma. Wingu la buluu likitokea hapo na kutoweka, basi ni sili, kwa sababu injini ikifyonza kwa nguvu bila mafuta huivuta oili kupitia humo. Injini yako ina vali 16, hivyo zinahitajika sili 16, na fundi mwenye kompresa anaweza kuzibadilisha bila kufungua kichwa cha injini, kwa kujaza hewa ndani ya silinda ili vali zisidondoke. Ukiambiwa ni lazima injini ishushwe, tafuta fundi mwingine.

Kabla ya hilo, kagua vitu viwili vya bei ndogo. Cha kwanza ni vali ya PCV, kidude kidogo kilichochomekwa kwenye kava ya tapeti, chenye mpira unaokwenda kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Kichomoe ukitikise karibu na sikio: kikiwa kizima hulia kama punje ya mahindi ndani ya kibuyu. Kisipolia, kimeganda kwa masizi, na mvuke wa injini usipopata njia hujenga presha inayoisukuma oili kwenye kila gasketi. Cha pili ni visima vya plagi, yaani mashimo ambamo plagi hukaa. Chomoa waya wa kila plagi uangalie kama ncha yake imelowa oili. Katika injini za familia hii sili zilizo chini ya kava hiyo hukauka na kujaza visima, na mwenye gari hudhani injini inaunguza kumbe inavuja ndani kwa ndani.

Kuhusu oili yenyewe, ningekutilia 10W-40. Hupanda haraka asubuhi kuliko uliyonayo sasa, na ikiwa moto huwa na unene wa kutosha kwa beringi zilizolika, jambo ambalo 5W-30 ya jirani yako haina hakika nalo katika injini yenye umri huu. Ile 5W-30 ningeitia bila wasiwasi kama gari lisingekuwa linakula oili.

Msimamizi_wa_Magari amejibu:

Nakubaliana na fundi kwa karibu kila kitu, ila 10W-40 haipatikani kila duka, na asiyeipata asirudi kwenye 20W-50 kwa kukata tamaa. 15W-40 ipo hadi vituo vya mafuta vya barabara kuu, na nyingi zina alama mbili za API (taasisi ya Marekani inayopanga ngazi za ubora wa oili), mfano CI-4/SL, maana yake zinafaa dizeli na petroli. Nimeitumia miaka kadhaa katika magari madogo ya kampuni tunayoihudumia.

Herufi hizo ndizo watu husahau kuzisoma. Gari la 1998 lilizaliwa wakati wa SJ, iliyoanza mwaka wa 1996. SL ya 2001, SN ya 2010 na SP ya 2020 zote zinaifaa injini hiyo, kwa kuwa kila ngazi mpya huchukua nafasi ya zilizotangulia. Hatari iko upande wa pili: ukiona kopo la bei ya kuvutia lililoandikwa SF au SC, liache palepale rafuni, kwa maana hizo zilitungiwa injini za zamani zaidi ya yako.

Tena, kagua mfuniko na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na ukiweza nunua oili mwenyewe, kisha usimame hapo ikimiminwa. Mimi niliwahi kuuziwa oili iliyonuka petroli kabla hata haijaingia kwenye injini. Kopo tupu litoboe kabla ya kulitupa, maana kuna wanaoyaokota kuyajaza tena.

Mwalimu_Kasarani amejibu:

Asanteni nyote, na wewe pia mzee. Jumamosi nilikwenda gereji nikiwa nimebeba maelezo haya kwenye karatasi. PCV haikulia hata kidogo. Ilitoka imefungwa kwa uji mweusi mgumu, na mpira wake ulikuwa umepasuka upande wa chini usioonekana ukifungua boneti. Kisima cha plagi ya tatu kilikuwa na oili ya kufunika nati ya plagi. Tumebadilisha PCV, mpira wake, gasketi ya kava na sili za visima, kisha tukamwaga oili na kutia 10W-40 yenye alama ya SN, pamoja na filta mpya. Taa sasa inazimika mara tu injini inaposhika, na kile kijiko kimenyamaza. Moshi wa asubuhi bado upo, japo umepungua, kwa hiyo nitabadilisha sili za vali shule zikifungwa Novemba. Swali dogo lililobaki: je, ile sintetiki ingevujisha kweli?

Fundi_Kariobangi amejibu:

Sintetiki za leo hazili mpira. Kinachotokea ni kwamba injini iliyokaa miaka mingi na oili isiyobadilishwa kwa wakati huwa na matope yaliyoziba nyufa za sili, na oili yoyote yenye sabuni nzuri huyasafisha matope hayo, uvujaji uliokuwepo ukajitokeza. Lawama humwendea aliyefagia.

Injini yako inachukua takriban lita 3, kwa hiyo kopo la lita 4 litakuwa limebakiza. Weka hicho kilichobaki kwenye buti ili ukiongeza uongeze oili ileile, pima dipstiki kila Jumapili gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika kumi, uandike na kilomita. Ukifika kilomita 1,000 tuletee ulichoandika.