Naomba ushauri: lebo za makombe ya bahari, jina la zamani au jipya?

Wakuu habari za saa hizi, nipo Uyole Mbeya nafundisha baiolojia fomu faivu na siksi. Maabara yetu ina boksi la makombe ya kutoka pwani na madogo wanayapenda balaa maana wengi bahari hawajawahi kuiona, wanaijua Ziwa Nyasa tu.

Sasa shida ni majina. Kuna moja gamba nene lina matuta yamenyooka kuanzia juu mpaka ukingoni, na kwenye bawaba vimeno vidogo vingi vimejipanga kama kitana, lebo ya zamani imeandikwa Arca antiquata, Linnaeus 1758 (yaani aliyeipa spishi jina na mwaka). Nikiingia WoRMS, ile orodha ya mtandaoni ya majina ya viumbe wa baharini, nakuta Anadara antiquata na Linnaeus kawekwa kwenye mabano. Mabano nimeelewa, yanamaanisha spishi ilihamishwa jenasi, hiyo Anadara ilianzishwa na Gray 1847, mwenye spishi anabaki yule yule.

Ninachoomba, nibandue lebo ya zamani au niiache niweke mpya pembeni? Mi naona kuitupa ni kupoteza historia, ila mwenzangu wa idara anasema nitawachanganya watoto.

Halafu ngeli (class) nayo, lebo inasema Pelecypoda, sisi tunafundisha Bivalvia, yaani wale wenye gamba la vipande viwili, najua ni kundi lile lile lakini mwanafunzi akiandika Pelecypoda kwenye mtihani mnampa maksi?

Na wa Tanga au Zanzibar, mnatofautishaje hili na ndugu zake wa Anadara kwa gamba tupu, mnahesabu matuta au kuna kingine?