Mhariri kaifanya blogu yangu "insha", sasa naonekana mtu aliyejua akanyamaza

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Jambo hili limenikaa kooni wiki ya tatu sasa, na najua humu wamo wanaoandika, kwa hiyo nalileta lilivyo.

Mwaka jana niliandika kwenye blogu yangu machapisho tisa kuhusu baba. La kwanza lilikuwa lawama tupu. Mzee alikuwa hajibu ujumbe, hasomi barua, ukimpa karatasi atie sahihi anasema "iweke hapo nitaiangalia", na haiangalii. Nikaandika kwamba amekuwa mbishi na anadharau watu. Usiku ule ndivyo nilivyoamini. Chapisho la nne nikasimulia anavyokaa na gazeti asubuhi, anafunua kurasa kwa mwendo wake uleule wa miaka yote, huku miwani iko mezani. Hilo la miwani nililiandika kupamba tu. Lilikuwa mbele ya macho yangu na sikulielewa.

Chini yake msomaji mmoja nisiyemjua akauliza: "Kikombe cha chai anakishika moja kwa moja, au anakitafuta kwanza kwa vidole?" Kesho yake nikamwangalia. Alipapasa meza. Mkono ukagusa sahani, ukatambaa hadi kwenye kikombe, ndipo akakiinua. Chapisho la tano lina sentensi mbili tu: "Nilikosea. Baba si mbishi, baba haoni." Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nikarudi kwenye chapisho la kwanza. Sikufuta hata neno moja, niliweka tu juu yake tarehe na maelezo kwamba nilimhukumu vibaya, na kwamba nayaacha yale maneno yaonekane.

Sasa njooni kwa huyu mhariri. Alikuwa anaandaa mkusanyiko wa insha, akaniomba maandishi hayo, nikafurahi nikakubali. Kosa langu ni kwamba sikudai kuona mswada wa mwisho. Kitabu kimetoka. Machapisho tisa yamekuwa insha moja. Tarehe zote zimeondolewa. Swali la msomaji halipo. "Nilikosea" haipo. Aya ya kwanza inaanza na mtoto wa jicho, kisha inarudi nyuma kwenye gazeti, na ile miwani imewekwa kama kidokezo, utadhani niliiona nikajua. Nilipomuuliza akanijibu: "Blogu ni rasimu. Mimi nimeipandisha hadhi."

Kuipandisha hadhi! Huyu mtu anatetea insha na hajui ilikozaliwa. Montaigne, aliyeipa insha jina huko Ufaransa mwaka 1580, alichagua neno lenye maana ya kujaribu. Mwaka 1588 akatoa toleo lenye kitabu cha tatu kizima na nyongeza tele ndani ya vile viwili vya mwanzo. Hakuishia hapo. Alichukua nakala yake ya toleo hilo akaendelea kujaza pambizo kwa mkono hadi alipofariki mwaka 1592, na nakala hiyo ipo mjini Bordeaux mpaka leo. Alisema mwenyewe kwamba anaongeza lakini hasahihishi. Matoleo mengi ya kisasa yanaweka herufi A, B na C ndani ya maandishi yake ili msomaji ajue lipi liliandikwa lini. Yaani wasomi wamehangaika kurudisha kwenye insha za baba wa insha kitu kilekile ambacho mhariri wangu amekifuta kwenye zangu!

Na kulifuta swali la msomaji, kana kwamba maoni ya wasomaji ni takataka, nako ni ujinga. Addison na Steele, waandishi wa Kiingereza, walipotoa gazeti lao la insha kila siku London, kuanzia 1711, walikuwa wakichapa barua za wasomaji ndani yake na kuzijibu. Matoleo 555 kwa chini ya miaka miwili. Nani leo anathubutu kusema zile si insha?

Sisemi blogu na insha ni kitu kimoja. Blogu ina maradhi yake na mimi nimeyaugua: unabonyeza kitufe moyo ungali unachemka, na sentensi ambayo ingehitaji kulala siku tatu kwenye droo inatoka usiku huohuo. Insha nzuri inakupa mtu aliyekaa na jambo mpaka likatulia, akachagua pa kuanzia na pa kuacha. Hilo nalipenda na nalitaka. Ningeombwa kuandika insha kuhusu baba ningeiandika leo, kwa sauti ya leo, nikasema wazi kwamba natazama nyuma. Ila blogu jina lake linatokana na daftari la safari la melini. Nahodha anaandika alichokiona saa ile. Akishafika bandarini harudi kuandika kwamba alijua dhoruba inakuja. Huwezi kuchukua sentensi za mtu ambaye alikuwa hajajua, ukazishona na za mtu aliyekwisha kujua, ukaziwekea jina moja chini. Huko ni kumsingizia mtu.

Na kilichoniumiza hasa ni hiki. Baba amefanyiwa upasuaji wa jicho moja, sasa anasoma. Kitabu alikisoma mwenyewe, polepole, siku mbili. Alipofika mwisho akanirudisha kwenye ukurasa wa pili, akaweka kidole penye miwani, akauliza: "Mwanangu, kumbe ulijua tangu mwanzo? Mbona ulikaa kimya?"

Nilitoa simu nikamsomea blogu yote, tarehe kwa tarehe, pamoja na pale nilipomwita mbishi. Ilikuwa nafuu kwangu anisikie nikimtukana kuliko aamini nilimwacha apapase meza huku najua.

Jana nimemwandikia mhariri: toleo lijalo arudishe tarehe, swali la msomaji na yale maelezo niliyoongeza juu ya chapisho la kwanza, au aondoe maandishi yote pamoja na jina langu. Hajajibu. Aliyewahi kudai maandishi yake yatolewe kwenye kitabu ambacho tayari kimechapwa, naomba aniambie alianzia wapi, na kama ilibidi amtafute wakili.